Kumthibitisha Kocha wa Muda: Hoja Kutoka Manungu

Januari 2017 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, lilimchukua Salum Mayanga kutoka Mtibwa Sugar ya Turiani, mkoani Morogoro, likamkabidhi timu ya taifa, Taifa Stars, kwa muda baada ya kuachana na Charles Boniface Mkwasa. Mtibwa nayo ikamwachia mikoba msaidizi wake, Zuberi Katwila, ambaye alikuwa amewahi kuichezea klabu hiyohiyo. Uamuzi mmoja ukazaa makocha wawili wa muda kwa mpigo, na njia zao zikaachana. Mayanga aliipeleka Stars kwenye michuano ya COSAFA mwaka huo, wakawatoa wenyeji Afrika Kusini katika robo fainali na kumaliza nafasi ya tatu, lakini kufikia Agosti 2018 kiti chake kilikuwa na Emmanuel Amuneke wa Nigeria. Katwila alithibitishwa, akakaa Manungu, nyumbani kwa Mtibwa, kwa zaidi ya miaka mitatu. Wadau wa soka letu hulijadili suala la kocha wa muda kama jambo la bahati ya mtu binafsi: kashinda, apewe, kafungwa, aondoke. Makala haya yanalitazama kama suala la namna klabu inavyoamua. Hoja yake ni kwamba klabu ya aina ya Mtibwa inapaswa kumthibitisha kocha wa muda aliyetoka ndani ya benchi lake la ufundi, mradi ana leseni inayotakiwa, na kwamba uamuzi huo usitegemee matokeo ya mechi chache alizokaimu.

Sehemu ya pili ya hoja hiyo ndiyo ngumu kukubalika, kwa hiyo ianze. Kocha wa muda kwa kawaida huingia timu ikiwa chini. Timu iliyofungwa mechi nne mfululizo ina uwezekano mkubwa wa kupata nafuu katika nne zinazofuata, awe nani kwenye benchi, kwa sababu mwenendo mbaya kupita kiasi huwa haudumu. Mchumi Bas ter Weel alichunguza ligi ya Uholanzi kati ya 1986 na 2004, akalinganisha timu zilizobadili makocha baada ya kufanya vibaya na zile zilizofanya vibaya vilevile lakini zikabaki na makocha wao. Nafuu ilionekana pande zote mbili kwa kiwango kinachokaribiana. Sisi wenyewe tuna ushahidi wa karibu zaidi. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Ivory Coast Januari 2024, kocha mkuu Adel Amrouche alisimamishwa baada ya mechi ya kwanza, Stars ikaachwa kwa Hemed Suleiman, maarufu Morocco, akisaidiwa na Juma Mgunda. Wakatoka sare ya 1-1 na Zambia, kisha 0-0 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Pointi mbili, nafasi ya mwisho katika kundi, safari ya kurudi nyumbani. Hemed aliendelea na kazi, akaifikisha timu kwenye fainali zilizofuata kwa kuifunga Guinea 1-0 Novemba 2024, na Agosti 2025 akaifikisha robo fainali ya CHAN kwa mara ya kwanza. Wiki chache kabla ya fainali hizo, zilizochezwa nchini Morocco, akaondolewa, akaletwa Miguel Gamondi, naye kwa muda. Stars ikafungwa na Nigeria, ikatoka sare na Uganda, ikatoka sare na Tunisia. Pointi zilezile mbili, lakini safari hii zilitosha kuwavusha kama mojawapo ya timu bora zilizoshika nafasi ya tatu, na taifa likasherehekea kuingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza katika historia yake. Furaha hiyo ilistahili, na Gamondi alistahili pongezi zake. Lakini anayetaka kupima makocha wawili kwa mizani hiyo atawapa sifa tofauti watu waliovuna kitu kilekile, na tofauti yenyewe imetoka kwa kiasi kikubwa kwenye matokeo ya timu nyingine ambayo wao hawakuwa na mkono ndani yake.

Zaidi ya hapo, klabu zetu kubwa zimeonyesha kwamba hata pale matokeo yanapokuwa mazuri, hayamthibitishi mtu. Septemba 2022 Simba ilimchukua Juma Mgunda kutoka Coastal Union baada ya Zoran Maki kuondoka. Aliitoa Nyasa Big Bullets ya Malawi, akaifunga Primeiro de Agosto 3-1 mjini Luanda na 1-0 Dar es Salaam, akaiingiza Simba katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Januari 2023 akaletwa Robertinho, Mbrazili, Mgunda akawa msaidizi. Aprili 2024, Abdelhak Benchikha alipoondoka, aliyeitwa kuziba pengo alikuwa Mgunda yuleyule, na msimu ulipokwisha akaja Fadlu Davids. Azam nayo ilimkabidhi Kally Ongala timu Oktoba 2022, akaifunga Simba mwezi huohuo na kuifikisha timu fainali ya Kombe la Shirikisho. Msimu uliofuata ukaanza na Youssouph Dabo. Simba na Azam huenda zilikuwa na sababu zao, kwa kuwa malengo yao ya kimataifa ni makubwa na fedha za kumleta kocha wa nje zipo. Lakini basi isisemwe kwamba kukaimu kulikuwa ni kumjaribu mtu. Huo ni mtihani ambao cheti chake kimeshaandikwa jina la mwingine kabla mtahiniwa hajaingia chumbani, na anayeonewa si kocha peke yake. Wachezaji nao wanajua, na mchezaji anayejua kwamba bosi wake ataondoka Januari hana sababu ya kubadili nafasi anayocheza kwa ajili ya bosi huyo.

Sasa tutazame kazi yenyewe ilivyo Morogoro. Mkoa huu ni miongoni mwa mikoa michache nje ya Dar es Salaam iliyowahi kutoa bingwa wa Tanzania Bara: Mseto mwaka 1975, kisha Mtibwa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, chini ya John Simkoko. Mtibwa ni timu ya kiwanda cha sukari. Uwanja wake wa Manungu uko katikati ya mashamba ya miwa, upande wa milima ya Nguru, mbali na uwanja wa Jamhuri wa mjini unaotazamana na Uluguru. Masika yakishika, pasi ya chini ya mita ishirini hukwama kabla ya kumfikia mwenzako, na beki anayeona mpira umekwama ana sekunde moja ya kuamua kama auwahi au amsubiri mshambuliaji ateleze. Kocha anayejua ni nani kati ya vijana wake anayeamua vizuri katika sekunde hiyo ana mtaji ambao hauandikwi kwenye wasifu wa kuombea kazi. Klabu haina fedha za kununua wachezaji walioiva. Inawakuza na kuwauza. Timu yake ya vijana imetwaa ubingwa wa ligi ya vijana wa chini ya miaka 20 zaidi ya mara moja. Katika miaka ya Katwila, Dickson Job, aliyekuwa nahodha wa Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 17, katika fainali za Afrika za Gabon 2017, alipata dakika za kutosha akiwa bado kijana, na Kibwana Shomari vilevile. Wote wawili wakaishia Yanga. Kumchezesha beki wa miaka kumi na minane mbele ya washambuliaji wa Ligi Kuu ni uamuzi unaogharimu pointi leo ili ulipe baada ya misimu miwili. Kocha wa muda hawezi kuufanya. Atampanga mkongwe mwenye miaka thelathini na tatu, na hakuna wa kumlaumu, kwa sababu ajira yake inapimwa Jumamosi hii.

Hapo ndipo uthibitisho unapoonyesha thamani yake. Chini ya Katwila Mtibwa ilitwaa Kombe la Shirikisho la Azam kwa kuifunga Singida United 3-2 jijini Arusha, tarehe 2 Juni 2018, na Januari 2020 ikachukua Kombe la Mapinduzi kwa kuifunga Simba ya Sven Vandenbroeck 1-0 Zanzibar. Sisemi kwamba ligi ilikuwa nyepesi kwake kila msimu. Oktoba 2020 aliondoka kwenda Ihefu, na kilichofuata kinahitaji kusomwa taratibu. Vincent Barnabas alikaimu, hakuachiwa. Akaja Thierry Hitimana. Akaja Joseph Omog wa Cameroon. Akarudi Mayanga. Akafuata Habib Kondo. Msimu wa 2023/24 akarudi Katwila mwenyewe, na mwisho wa msimu huo Mtibwa, bingwa wa zamani, ikashuka daraja. Mabadiliko ya makocha peke yake hayashushi timu. Mapato ya kiwanda, wachezaji waliouzwa bila kuzibiwa nafasi na ushindani uliopanda bei huenda vilichangia. Lakini ni vigumu kuona ni lini, katika mlolongo huo, mtu yeyote alipata nafasi ya kuandaa mabeki wawili wa kuuzwa baada ya miaka miwili.

Kurudi kwa Katwila ndiko pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja hii. Mtu yuleyule, uwanja uleule, na timu imeshuka: je, haithibitishi kwamba kumjua mtu hakusaidii? Jibu ni kwamba mwaka 2017 alirithi timu aliyokuwa akiifundisha kila asubuhi, na mwaka 2023 aliitwa kuokoa timu ambayo hakushiriki kuijenga, msimu ukiwa umeshaanza. Katika mara ya pili alikuwa mgeni mwenye sura inayojulikana. Kinachotetewa hapa ni mwendelezo wa kazi, na mwendelezo haurudishwi kwa kumrudisha mtu.

Pingamizi la pili linatoka Uingereza na hutajwa kila mara. Ole Gunnar Solskjær alikaimu Manchester United kuanzia Desemba 2018, akashinda mechi 14 kati ya 19, akathibitishwa Machi 2019, akafukuzwa Novemba 2021. Roberto Di Matteo alitwaa Ligi ya Mabingwa na Chelsea akiwa wa muda Mei 2012, akathibitishwa, na hakumaliza mwaka. Mifano hii ni ya kweli, ila inapinga jambo jingine: kumthibitisha mtu kwa sababu ya msisimko wa wiki chache. Mashabiki wakiimba jina lake, viongozi hutia saini bila kuuliza atasajili nini, atamlea nani, atacheza vipi timu ikipoteza wachezaji wake bora. Maswali hayo yanaweza kujibiwa hata kama amefungwa mechi zote alizokaimu. Anayeuliza juu ya Emerse Faé, aliyeachiwa Ivory Coast kwa muda katika Kombe la Mataifa ya Afrika lilelile la 2024, akabeba kombe na kuthibitishwa, apewe jibu hilohilo: kombe lilimpa heshima, lakini shirikisho lake lilipaswa kumuuliza maswali yaleyale.

Lipo pia pingamizi la ukaribu, kwamba aliyekuwa msaidizi ni rafiki wa wachezaji na hawezi kumweka benchi nahodha aliyecheza naye. Hatari hiyo ipo kweli. Hata hivyo Mecky Mexime alitoka kuwa nahodha wa Mtibwa na wa Taifa Stars akawa kocha wa Mtibwa hiyohiyo, na mamlaka yake hayakuyeyuka. Mamlaka humtoka kocha pale viongozi wanaposikiliza malalamiko ya wachezaji nyuma yake, na hilo hufanyika kwa urahisi zaidi cheo chake kinapokuwa na neno kaimu mbele. Pingamizi la gharama nafuu lina ukweli mchungu zaidi. Baadhi ya viongozi humthibitisha mzawa kwa sababu atakubali nusu ya mshahara wa mgeni. Tabia hiyo ni dhuluma, na inaharibu kazi pia, kwani kocha anayelipwa kama msaidizi ataheshimiwa kama msaidizi. Uthibitisho usioambatana na mshahara wa kazi yenyewe ni kukaimu kwa jina jingine.

Katika ofisi za serikali, Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009 zinataka mtumishi asikaimu zaidi ya miezi sita. Soka halina sababu ya kuwa na uvumilivu mkubwa kuliko huo. Kwa ligi yetu, mechi sita au dirisha moja la usajili linatosha, na tarehe ya uamuzi iandikwe kwenye barua ya siku ya kwanza pamoja na mambo atakayopimwa nayo. Kizuizi kimoja tu hakiwezi kumalizwa kwa barua, nacho ni leseni. CAF inadai leseni A kwa kocha mkuu wa klabu inayoshiriki mashindano yake, na msaidizi asiye nayo huwekwa kando siku nafasi inapopatikana, hata kama timu yote inamtaka. Kozi za leseni hazifunguliwi kila mwezi na ada yake ni kubwa kwa mshahara wa msaidizi. Kwa klabu iliyoshuka na kurejea Ligi Kuu msimu wa 2025/26, ada hiyo iingizwe kwenye bajeti ya mwaka huu, mstari mmoja na vifaa vya mazoezi, wakati kocha mkuu aliyepo bado yuko kazini na hakuna anayezungumzia mrithi.