Ukuta wa Udongo Kilosa na Mikumi

Nyumba ya zamani ya Wasagara na Wavidunda, kuanzia Kilosa hadi Mikumi, ilikuwa ya miti na udongo. Nguzo zilichimbiwa ardhini, fito zikafungwa pande zote mbili kwa kamba za magome ya miyombo, na nafasi ya katikati ikashindiliwa udongo uliokandwa kwa miguu. Udongo ulipokauka ulipasuka, hivyo ukuta ulikandikwa mara ya pili ndipo ukasiribwa. Ukuta huo hupokea joto polepole, na paa la nyasi, likishuka hadi karibu na ardhi, huutia kivuli jua likiwa kali. 

Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912, na Kilosa ikawa njiani. Mabati na saruji vikaanza kuletwa kwa treni, kwanza kwa ajili ya majengo ya serikali, maduka na mashamba ya mkonge. Kiwanda cha saruji cha Wazo, Dar es Salaam, kilianza kazi mwaka 1966. Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba watu wanang'ang'ania saruji na mabati na kuacha matofali ya kuchoma na vigae, ambavyo udongo wake upo kijijini. Lawama hiyo ilikuwa ya haki kuhusu joto. Kuhusu maji, wenyeji wa Kilosa walikuwa na sababu yao ya kuacha ukuta wa udongo.

Mto Mkondoa ulipofurika Desemba 2009 na Januari 2010, maelfu ya watu walikosa makazi. Ukuta wa udongo hunyonya maji kutoka chini, unalainika na kuachana na fito, kisha nyumba inalala. Tofali la kuchoma halirudi kuwa tope, ingawa tanuri lake hula kuni nyingi.

Mikumi, mji wa barabara kuu ya Iringa, sasa una nyumba nyingi za matofali na bati. Humo joto hutoka juu zaidi kuliko ukutani. Dari ya jipsamu hulipunguza, mradi paa liachiwe matundu ya kutolea hewa ya moto.