Redio hufika sayari za mbali, kwa nini haifiki kwenye pango la silikanti?

Kila taarifa ya habari inapotaja roketi, simu za jioni huja na swali lilelile: watu wanatafuta nini mwezini wakati bahari iliyo hapa mlangoni hawajaimaliza? Mvuvi mmoja wa Bagamoyo aliyepiga mara ya mwisho alikwenda mbali zaidi. Alisema ametupa nyavu tangu ujana wake na hajawahi kuona ramani ya chini ya maji anayoyavua, lakini mjukuu wake shuleni ana picha ya sayari ya Mars ukutani.

Ana haki ya kushangaa. Vilindi vya bahari ni vigumu kuvichunguza kuliko anga za juu kwa namna kadhaa, na ugumu wa kwanza unahusu kitu tunachokitegemea hapa studioni kila siku, yaani mawimbi ya redio.

Chukua chombo cha Voyager 1. Kilirushwa mwaka 1977 na sasa kiko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka duniani. Mtambo wake wa kurushia mawimbi una nguvu ya wati 23 hivi, kidogo mno kwa redio yoyote ya mkoa. Hata hivyo taarifa zake bado zinapokelewa, baada ya kusafiri kwa zaidi ya saa 22, kwenye antena zenye upana wa mita 70. Njiani hakuna cha kuyazuia mawimbi hayo. Sasa chukua redio yako ya FM, ifunge vizuri isiingie maji, uizamishe baharini. Itanyamaza kabla haijafika hata mita moja. Maji ya chumvi hupitisha umeme, kwa hiyo huyameza mawimbi ya redio. Nyambizi za kijeshi hutumia mawimbi ya masafa ya chini sana, nayo huishia mita chache au makumi ya mita tu. GPS ya boti nayo haisaidii chochote chini ya uso wa maji.

Mwanga una shida hiyohiyo. Ukishuka mita 200 jua limebaki kama kiwi, na kwenye mita 1,000 ni giza tupu. Kinachobaki ni sauti, ambayo ndani ya maji hukimbia takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Meli za utafiti hupiga mlio kwenda chini na kupima muda wa mwangwi kurudi, sawa na kile kifaa cha kutafutia samaki kilichofungwa kwenye baadhi ya boti zetu. Kazi hiyo hufanywa ukanda kwa ukanda, kama mtu anayelima shamba kwa jembe la mkono. Ndiyo maana hadi leo ni kiasi cha robo tu ya sakafu ya bahari zote duniani iliyopimwa kwa usahihi huo. Mwezi na Mars hazina bahari, kwa hiyo chombo kikizunguka juu yake kinapiga picha uso wote.

Halafu kuna mgandamizo. Kila mita 10 unazoshuka huongeza uzito sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Mwanaanga hupambana na tofauti ya kizio kimoja tu cha namna hiyo. Anayeshuka kwenye shimo la Mariana, karibu mita 11,000, hukutana na zaidi ya 1,000. Jacques Piccard na Don Walsh walifika huko mwaka 1960, miaka 9 kabla ya mtu kukanyaga mwezi. Mwezi Juni 2023 chombo cha Titan kilipondeka kikielekea kwenye mabaki ya meli ya Titanic, na watu 5 wakafa.

Pwani yetu imeshiriki safari za angani kuliko wengi wanavyojua. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Marekani iliweka Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vyake vya mradi wa Mercury. John Glenn alipoizunguka dunia mara 3 tarehe 20 Februari 1962, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyozungumza naye kwa redio. Wapo waliodhani ni kituo cha makombora, na siasa za wakati ule hazikusaidia. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali mpya ilitaka kiondolewe, kikafungwa mwaka huohuo.

Kule Kenya, Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, nguzo zake zikikita kwenye sakafu ya bahari. Walichagua hapo kwa kuwa ni karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa bure. Kati ya 1967 na 1988 walirusha satelaiti 9. Iliyo maarufu zaidi ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, na vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba mashimo meusi yapo kweli.

Jambo kubwa lililoibuka baharini kwetu halikuletwa na roketi wala meli ya utafiti. Lililetwa na jarife. Silikanti ni samaki aliyedhaniwa kutoweka miaka milioni 66 iliyopita, mpaka mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Kwa Tanzania wa kwanza alipatikana maeneo ya Songo Mnara, Kilwa, mwaka 2003. Kuanzia 2004 wakaanza kunaswa Tanga, Kigombe na jirani zake, makumi kwa makumi. Maelezo yanayotolewa ni kwamba papa walipopungua karibu na pwani, wavuvi walishusha majarife kina zaidi, na huko ndiko silikanti anakoishi, kwenye mapango ya mita 100 na kuendelea.

Wavuvi wa Bagamoyo hawamwoni, na sababu ni sakafu ya bahari. Mkondo kati yetu na Unguja ni wa kina kifupi, sehemu kubwa haifiki mita 60. Tanga na Pemba ni hadithi nyingine: sakafu hukatika ghafla, na mkondo wa Pemba una mamia ya mita. Watafiti wa Japani kutoka Aquamarine Fukushima walishusha roboti yenye kamera Tanga na kuwapiga picha silikanti wakiwa hai. Roboti ya namna hiyo huongozwa kwa waya kutoka melini. Redio, kama tulivyoona, isingefika.

Hapa ndipo swali la mvuvi wetu linapokuwa zito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba silikanti huishi karibu miaka 100 na mimba yake huchukua miaka 5 hivi. Jike mmoja akinaswa, pengo lake halizibiki haraka. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ilitangazwa Tanga mwaka 2009. Lakini nani anajua idadi yao? Eneo la bahari la Tanzania lina takriban kilomita za mraba 223,000, karibu robo ya ukubwa wa nchi, na maamuzi juu yake hayasubiri. Gesi imegunduliwa kwenye maji ya zaidi ya mita 2,000 kusini, bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima linaishia Chongoleani, Tanga. Meli ya Tawariq 1, wale "samaki wa Magufuli" wa mwaka 2009, ilikamatwa na karibu tani 300 za samaki wa bahari kuu. Leo meli za kigeni zenye leseni hufuatiliwa kwa satelaiti, jambo zuri, ila satelaiti huiona meli tu. Haioni wavu umefika wapi.

Hata makala hii, ukiisoma nje ya nchi, yaelekea imepita chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika kusini mwa bara letu, intaneti ilizorota nchi nzima hadi meli ilipokwenda kuziunganisha.

Kwa mvuvi atakayemnasa silikanti: bado anahema, mrudishe majini; amekufa, toa taarifa kwa ofisi ya uvuvi au ya hifadhi iliyo karibu. Kuuzwa kwake nje ya nchi kibiashara kumepigwa marufuku na mkataba wa CITES. Na usimpeleke nyumbani kwa kitoweo. Nyama yake imejaa mafuta yasiyopatana na tumbo, na wanaomla huharisha.