Tanuu la Kivinje

Kaskazi ikianza kuvuma, bibi yangu alifunga madirisha ya upande wa bahari, akaingiza ndani godoro, mtungi na nguo zilizoanikwa. Nyumba yetu ya Kilwa Kivinje ilikuwa karibu na ufuko, na ufukoni palikuwa na tanuu la chokaa. Miezi ya kusi moshi ulikwenda baharini, wala hatukuwa na neno. Kaskazi iliuleta chumbani.

Tanuu lenyewe halikuwa jengo. Magogo ya mikoko na minazi yalipangwa duara mpaka kimo cha mtu, katikati pakaachwa tundu la kutilia moto, na juu yakamwagwa matumbawe yaliyovunjwa bamvua likitoa maji mbali. Walikoka moto jioni. Usiku kucha tulisikia mawe yakipasuka, na alfajiri harufu ilikwaruza koo. Mawe yakishapoa yalimwagiwa maji, yakatokota na kuvunjika yakawa unga. Ukiingia jichoni, unga ule unaunguza. Vijana waliouchekecha walijifunga vitambaa puani, na bado walikohoa.

Kazi hii ni kongwe kuliko Kivinje. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ulioanza kujengwa karne ya 11 na kupanuliwa karne ya 14, mawe yake yameshikana kwa chokaa. Husuni Kubwa ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, vivyo hivyo. Jiwe safi la chokaa la kilo 100 likiungua sawasawa hubakiza kilo 56. Kilo 44 hupaa zikiwa hewa ya ukaa, na hapo moshi wa kuni haujahesabiwa. Kila nikisimama chini ya makuba ya msikiti ule huwaza moshi huo wote ulimpitia nani. Majina ya masultani tunayo. Tangu 1981 magofu yale yamo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, na wageni husifu kuta. Waliolisha matanuu, na waliolala upande ulikoelekea upepo, hakuna aliyewaandika, na jambo hili linaniuma.

Mwaka mmoja bibi na wanawake wa mtaani walimwendea mwenye tanuu. Hawakumwambia aache, alikuwa na watoto wa kulisha, na nyumba zao wenyewe zilipigwa lipu kwa chokaa yake. Walimwomba achome miezi ya kusi tu, na kaskazi ikiingia ahamie ng'ambo ya mikoko. Alikubali. Msimu mmoja alitimiza. Wa pili akapata mteja mwenye haraka, akachoma katikati ya kaskazi, na kifua cha bibi kikabana siku nane. Alilala ameketi, mama akimpepea kwa kipepeo cha ukili.

Saruji ya kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, ilianza kutoka mwaka 1966, na wenye fedha wakaacha chokaa polepole. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ilikuja mwaka 2004. Siku hizi nikisikia kwamba kulalamikia moshi wa viwanda ni mambo ya waliosoma juzi, namkumbuka bibi, ambaye hakuwahi kuingia darasani.

Ukuta wetu wa upande wa bahari uliingia masizi kila mwaka. Kila mwezi wa Shaabani tuliupaka upya, kwa chokaa tuliyoinunua pale pale ufukoni.