Ubanaji Rejeshi, Wala Si wa Hasara

Katika mwongozo mmoja wa mafunzo kwa wataalamu wa eksirei nimekuta picha za CT zikiagizwa zibadilishwe fomati kwa "mgandamizo usio na hasara". Nikadhani kurasa za mhasibu zimechanganyika humo.

Hasara, kwa Mswahili, huliwa. Mfanyabiashara hula hasara, gari bovu humtia mwenyewe hasara. Mzizi wake ni wa Kiarabu, kh-s-r, uleule wa khusr iliyomo katika Suratul Asr, na hadi leo neno limeshikamana na mali na mwisho mbaya wa mtu. Pikseli hazina mtaji. Faili ya JPEG iliyopungua ukubwa haijamfilisi yeyote. Mara nyingi imemwokolea bando. Na huo mgandamizo! Waheshimiwa waliokaa kikao cha kuunda istilahi hawakukiona kitenzi chepesi cha kubana?

Mimi nashika ubanaji rejeshi. Tofauti ya aina mbili za ubanaji iko hapa: ukiifungua faili, je, kinarudi kilekile, biti kwa biti? Walioandika kanuni za JPEG 2000 waliliona hilo, wakayapambanua mageuzi mawili yaliyomo kwa kurudi na kutorudi. Rejea tumeitoa katika raja'a, na aendaye mazikoni huusikia mzizi huo katika rajiun. Sisi tukaizalisha rejesha, marejeo, marejesho, kirejeshi. Ukoo mzima uko nyumbani, halafu tunakwenda kuazima kwenye duka la hasara.

Yupo mwenzetu mmoja, simtaji, anayedai neno limeshachukuliwa na wanasarufi kwa ajili ya o-rejeshi. Kwani hiyo o- hufanya nini kama si kuturudisha kwenye nomino iliyotajwa? Hoja yake nimeipokea kwa mikono miwili, maana ni yangu.

Tena rejeshi huumbua pale ambapo "bila hasara" huficha. Picha ya CT kwa kawaida hubeba biti 12 kwa pikseli, yaani viwango 4,096 kati ya weusi na weupe. Ukiihamishia kwenye PNG ya biti 8 hubaki 256. Ukigawa sawasawa, kila viwango 16 vimekuwa kimoja. PNG, tangu 1996, haipotezi inachopewa, na ile ya biti 16 ingevibeba vyote. Hii ya biti 8 imepewa kilichokwisha kukatwa. Mwambie daktari "bila hasara", ataitikia. Muulize kama viwango vyake vinarejea, atashtuka. DICOM yenyewe, kanuni ya picha za kitabibu, haina mzaha: kuna sehemu ya kuandika kama picha imewahi kupita katika ubanaji usio rejeshi, 00 kwa haijawahi na 01 kwa imewahi, na ikishakuwa 01 ni marufuku kuirudisha 00, hata faili ivishwe fomati gani baadaye.

Kwa matumizi: tunza asili katika DICOM kwa ubanaji rejeshi, toa JPEG ya kuonyesha tu, basi.

Sasa nasikia limezuka pendekezo la tatu, "ubanaji salama". Salama dhidi ya nani, wezi? Usalama wa faili ni kazi ya nywila, na bila shaka hilo nalo litaundiwa kamati.