Madaktari wawili na nyumba zao za vioo

Wandugu, pitieni leo kwenye kartye mpya za Lubumbashi, Goma ao Bukavu. Kijana amepata kazi, anajenga, masoni hajamaliza hata kupiga simenti, tayari mtu wa alimini ameshaitwa. Kioo kati ya saloni na chumba cha kula. Kioo kwenye ngazi. Matofali ya kioo kwenye dushi. Ukiuliza juu ya nini, jibu ni moja: njo ya kisasa. Mimi nilisoma historia, kwa hiyo nauliza tu: kisasa cha tangu lini? Na wale walioanza, waliishi namna gani mle ndani? Swali la pili njo linanisumbua zaidi, maana picha za kwenye simu zinatuonyesha nyumba, hazituonyeshi mtu anayelala humo.

Zamani kioo kilikuwa kitu cha tajiri, na serikali zilijua. Ufaransa ilitoza kodi ya milango na madirisha toka 1798 mpaka 1926. Madirisha mengi, kodi nyingi. Basi maskini akajenga nyumba yenye giza. Uingereza ilifuta kodi yake ya kioo mwaka 1845, na miaka sita tu baadaye, 1851, Joseph Paxton alisimamisha Crystal Palace pale London, jumba la chuma lenye vioo karibu 300,000. Lakini lile lilikuwa jumba la maonyesho. Watu wanaingia, wanashangaa, wanatoka. Hakuna anayevua nguo mle.

Jaribio la kweli la kuishi ndani ya kioo lilifanyika Paris, kwenye rue Saint-Guillaume, kati ya 1928 na 1932. Docta Jean Dalsace, daktari wa wanawake, na mke wake Annie, walipata nyumba ya zamani ndani ya ua. Walitaka kuibomoa yote. Shida ni kwamba orofa ya juu kabisa alikaa mama mmoja mzee, mpangaji, naye akakataa kuhama. (Hapa kila mtu aliyekulia kwenye parseli ya wapangaji anacheka, kwa sababu hiyo habari anaijua.) Wakafanya nini? Msanifu Pierre Chareau, pamoja na Mholanzi Bernard Bijvoet na fundi wa chuma Louis Dalbet, wakaishikilia orofa ya mama kwa nguzo za chuma, wakabomoa kila kitu chini yake, kisha wakachomeka mle orofa tatu mpya. Mama akaendelea kukaa kwake juu.

Nyumba iliyobanwa hivyo kati ya majirani inakosa mwanga. Ndiyo maana mbele waliweka ukuta mzima wa matofali ya kioo. Si kwa kuringa. Na tofali lile halipitishi macho: mwanga unaingia, lakini mtu aliye uani anaona kivuli tu. Usiku, taa kubwa zilizofungwa nje ziliangaza ukuta, na saloni ikapata mwanga kutoka nje kama vile ni mchana.

Kwa kweli, jambo kubwa la nyumba ile si hata ule ukuta wa mbele. Ni vizigeu vya ndani, zile tunazoita separasyo. Fikiri: orofa ya chini ni klinike, wanawake wanakuja na siri zao. Juu yake ni saloni ya familia, na ngazi ya kwenda huko iko pale pale wanapopita wagonjwa. Chareau alitengeneza vizigeu vinavyozunguka, vya kioo na vya chuma chenye matundu-matundu. Mchana vinafungwa, mgonjwa haoni ngazi. Jioni, klinike ikifungwa, vinafunguliwa, na ngazi inamkaribisha mgeni wa docta. Huko juu kuna milango ya kusukuma, visitiri vya chuma bafuni, hata ngazi ndogo inayokunjwa kati ya chumba cha faragha cha Annie na chumba cha kulala. Ukuta unajua saa. Unajua nani amekuja, na kwa shughuli gani.

Sasa docta wa pili. Edith Farnsworth alikuwa daktari wa mafigo huko Chicago, hakuwa na mume, na alitaka nyumba ya kupumzikia wikendi kando ya mto Fox, karibu na mji mdogo wa Plano, jimbo la Illinois. Mwaka 1945 alikutana na Ludwig Mies van der Rohe, Mjerumani aliyehamia Marekani, msanifu mwenye jina kubwa kabisa, akampa hiyo kazi. Nyumba ilimalizika 1951. Ni chumba kimoja, karibu mita za mraba 140, kimeinuliwa juu ya nguzo nyeupe za chuma. Pande zote nne ni kioo cha kuona, toka sakafu mpaka dari. Katikati kuna kitu kama sanduku kubwa la mbao: ndani yake mabafu, upande mmoja jiko, upande mwingine mahali pa moto. Kabati la nguo linakinga kitanda. Basi, njo vyote.

Kwenye picha ni nzuri sana, siwezi kukataa. Lakini muulize aliyelala mle. Kiangazi jua linapita kwenye kioo bure, ila joto likishaingia halijui njia ya kutoka, na sehemu za kufungua zilikuwa chache. Wakati wa baridi vioo vinatoka jasho. Usiku ukiwasha taa unaita wadudu wote wa mtoni. Mwisho mwenyewe aliweka wavu kwenye baraza. Watu walikuja kuchungulia nyumba maarufu, na ndani ya nyumba maarufu kulikuwa na mwanamke mmoja katika nguo za kulalia. Juu ya hayo bei ilipanda mpaka kupita dola 70,000, mbali kabisa na walizoanza kuzungumza. Walipelekana mahakamani, na Mies akashinda.

Kwa miaka mingi vitabu vya usanifu vilimchora docta huyu kama mteja asiye na shukrani, mwanamke mwenye hasira aliyeshindwa kuelewa sanaa. Mimi sikubali. Msanifu alifikiria kioo kutoka upande wa nje, kama mtu anayetazama. Yeye alikuwa upande wa ndani, anatazamwa. Alivumilia karibu miaka ishirini, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaiuza, akahamia Italia. Leo ni makumbusho: watu wanaingia, wanashangaa, wanatoka.

Kioo chenyewe kilishuka bei baadaye. Mwaka 1959 kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilitangaza njia mpya: kioo kilichoyeyuka kinamwagwa juu ya bati iliyoyeyuka, kinaelea, kinatoka kimenyooka pande zote mbili bila kusuguliwa. (Bati, ndiyo, ile ya kasiterite tunayoijua vizuri sisi wa Kivu na Maniema.) Toka hapo kioo kikubwa kikaacha kuwa cha tajiri peke yake, na ndiyo sababu leo fundi wa alimini anaweza kukukatia separasyo nzima kwa siku mbili.

Kwetu lakini saloni ina kazi ambayo Mies hakuijua. Mchana ni ya wageni, usiku ni chumba cha kulala cha shemeji aliyekuja kutibiwa, ao cha wadogo waliotoka kijijini kuanza masomo. Separasyo ya kioo cha kuona haiwezi kumfunika mtu huyo. Basi tunafanya nini? Tunaweka rido juu ya kioo! Umelipa kioo, umelipa rido, na umerudi kule alikokuwa koko. Upande wa jua la saa tisa ni vibaya zaidi, maana umeme ukikatika klimatizere ni pambo tu. Chareau angetuelewa haraka. Angeuliza kwanza nani analala wapi, saa ngapi, halafu angeleta kioo cha ukungu, ao kizigeu cha kusukuma.

Na jibu la jua lilishawahi kufika karibu na sisi, mwaka ule ule wa 1951, ng'ambo ya mto, Brazzaville. Jean Prouvé, Mfaransa, alitengeneza huko kwao nyumba za chuma na alimini, vipande vikaletwa kwa ndege na kuunganishwa hapo. Zilikuwa na paa mara mbili ili hewa ipite katikati, vikinga-jua kuzunguka baraza, na milango ya kusukuma ya chuma yenye matundu ya duara. Ndani ya kila tundu, kioo kidogo cha bluu. Mwanga unaingia kidogo, umepoozwa, na wa nje haoni kitu. Nyumba hizo zilikuwa za ofisi na mkurugenzi wa kampuni ya alimini, si za mwenyeji, hilo tusisahau. Ziligharimu kuliko ilivyotarajiwa, hazikuendelea. Baada ya vita vya Brazzaville zilifunguliwa, zikasafirishwa Ufaransa, na mwaka 2007 moja iliuzwa mnadani New York kwa karibu dola milioni 5.

Klostra, yale matofali ya matundu kwenye baraza na ngazi za nyumba za zamani za hapa kwetu, zinafanya kazi ile ile ya kupitisha hewa na mwanga na kuzuia macho. Nyingi ziko bado mahali pake. Masoni wa kartye anazimwaga kwa simenti, mchanga na kalibu ya mbao.