Ebola iko ao haiko? Mabishano ya wanafilozofia na swali la Beni na Butembo

Tarehe 1 mwezi wa nane 2018, wizara ya afya ilitangaza ya kwamba Ebola imeingia Mangina, karibu na Beni. Damu ya wagonjwa 6 ilikuwa imepimwa Kinshasa, kwenye INRB, na 4 kati yao walikutwa na virusi. Siku nane tu mbele ya pale, serkali ilikuwa imetangaza mwisho wa Ebola nyingine, ile ya jimbo la Équateur. Watu wakaanza kuhesabu siku, na neno likapita masokoni, makanisani na kwenye parkingi za pikipiki: «Ebola haiko.»

Halikuwa neno la watu wachache. Mwezi wa tisa mwaka huo watafiti waliuliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo, na karibu mmoja kati ya wanne alijibu ya kwamba ugonjwa ule si wa kweli. Majibu hayo yalitoka mwaka 2019 katika gazeti la waganga, The Lancet Infectious Diseases.

Kuna watu wengine wanaobishana juu ya «iko» na «haiko» tangu zaidi ya miaka mia: wanafilozofia wa sayansi. Swali lao ni hili. Sayansi inataja vitu ambavyo jicho haliwezi kuona: atomu, elektroni, virusi. Je, viko kweli, ao ni njia tu ya kupanga yale tunayoyaona ili hesabu itoke vizuri? Wanaosema viko wanaitwa wanauhalisia. Wale wengine hawasemi sayansi ni uongo. Wanasema tu ya kwamba hatulazimishwi kuamini yote inayotaja.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mabishano yalikuwa juu ya atomu. Ernst Mach, mwanafizikia wa Austria, alikataa kuihesabu kati ya vitu vya kweli. Mfaransa Jean Perrin akachukua njia nyingi zisizofanana za kuhesabu chembe ndani ya kipimo kimoja cha kitu, na zote zikamletea karibu hesabu moja. Alizikusanya katika kitabu mwaka 1913. Njia moja inaweza kukosea. Lakini njia nyingi zikosee zote, tena zikosee kwa namba ileile, ni vigumu. Perrin alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1926.

Mwaka 1975 Mmarekani Hilary Putnam alilipa wazo hilo sura inayojulikana zaidi. Kama vitu vile haviko, alisema, basi mafanikio yote ya sayansi ni muujiza. Huku kwetu hoja hii inaeleweka haraka. Hakuna aliyewahi kuona rezo ya telefone, lakini ikikatika mji mzima unajua.

Sasa chukua redio, chombo chetu wenyewe, maana hapo wanauhalisia wanapata shida. Katika miaka ya 1860 James Clerk Maxwell aliandika hesabu za mawimbi yanayobeba sauti hii mpaka nyumbani kwako. Kwa Maxwell, mawimbi hayo yalipita ndani ya kitu kinachojaza anga lote, kinachoitwa etha, sawa vile mawimbi ya ziwa yanavyopita ndani ya maji. Heinrich Hertz aliyatoa mawimbi hayo katika labo kati ya 1887 na 1888. Hesabu ilifaulu. Etha je? Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha ya kwamba haihitajiki, na leo hakuna mwanafizikia anayeitaja tena. Wakubwa wa sayansi waliamini kitu ambacho hakiko, na redio ikafanya kazi.

Malaria nayo ni hivyo. Jina lenyewe ni la Kiitalia, maana yake hewa mbaya. Watu walikausha mabwawa wakikimbia hewa hiyo, na homa ikapunguka, mpaka mwaka 1897 Ronald Ross alipokuta kimelea ndani ya mbu. Mmarekani Larry Laudan alikusanya mifano ya namna hii mwaka 1981 na kuuliza: kama za zamani zilifaulu huku zikitaja vitu visivyokuwako, kwa nini tuapie za leo? Mimi naona ni swali zuri kuliko majibu mengi yaliyopewa. Jibu moja lenye nguvu lilitoka kwa Mwingereza John Worrall mwaka 1989: etha ilikufa, lakini hesabu za Maxwell zilibaki. Njo kusema sayansi inashika vizuri zaidi namna mambo yanavyofungamana kuliko kitu chenyewe ni nini.

Bas van Fraassen, katika kitabu chake cha mwaka 1980, alichagua njia ya katikati. Kwake, nadharia nzuri ni ile inayosema sawa juu ya yote yanayoweza kuonekana. Uitumie, upange kazi yako juu yake, lakini juu ya visivyoonekana unaweza kunyamaza. Kwa lugha ya Beni: chanja, nawa mikono, usimguse maiti, na juu ya virusi vyenyewe usiape. Hata picha ya mikroskopi haimtoshi, maana jicho linaona picha, haliwezi kuona kitu chenyewe.

Mkanada Ian Hacking alimjibu mwaka 1983: acha kutazama, angalia kile tunachofanya nacho. Kitu ambacho unakitumia kama chombo ili kugeuza kitu kingine, hicho kiko.

Hapo tunarudi kwetu, juu jaribio kubwa la namna hiyo lilifanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Kuanzia mwezi wa kumi na moja 2018 mpaka mwezi wa nane 2019, wagonjwa 681 waligawanywa kwa bahati nasibu kati ya dawa 4. Moja iliitwa mAb114. Ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995, na Profesa Jean-Jacques Muyembe wa INRB alikuwa kati ya walioifanyia kazi. Inafanya hivi: inashika mahali fulani kwenye ganda la virusi ili visiweze kuingia ndani ya chembe za mwili. Nyingine, REGN-EB3, inashika ganda lilelile. Kwa wagonjwa waliopewa hizo mbili, karibu theluthi moja walikufa. Kwa zile nyingine mbili, ZMapp na remdesivir, ilikuwa karibu nusu. Tofauti hiyo ni watu waliorudi nyumbani. Kama ganda lile haliko, mAb114 ilishika nini?

Ongeza hoja ya Perrin. Mwaka 1976, wakati wa ugonjwa wa Yambuku, virusi vilionekana kwa mikroskopi ya elektroni, vikiwa na umbo la mnyoo. Mashine za Beni zilizopima damu hazitafuti umbo, zinatafuta vipande vya kizazi vya virusi. Na dawa inashika ganda. Ni njia tatu zisizotegemeana, na zote zinaelekea kitu kimoja. Van Fraassen bado anaweza kusema: nakubali namba, siamini zaidi. Hajashindwa kabisa. Lakini mimi naona muujiza anaotuomba tuukubali umekuwa mkubwa sana.

Basi wale waliosema «haiko» walikosea? Juu ya virusi, ndiyo. Lakini wengi hawakuwa wanajibu swali la Hacking. Tangu mwezi wa kumi 2014 watu wanauawa katika eneo la Beni, na magari ya namna ile hayakuonekana. Ebola ikaja na jeep, na pesa, na kazi kwa watu wa mbali. Tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 2018, CENI ilisogeza uchaguzi wa Beni na Butembo mpaka mwezi wa tatu 2019, ikitaja Ebola na usalama mbaya, wakati rais alipaswa kuapishwa mwezi wa kwanza. Makanisa na masoko yalibaki wazi, ila sanduku la kura likafungwa. Kesho yake waandamanaji walivunja kituo cha wagonjwa mjini Beni.

Katika kinywa cha mtu aliyenyimwa kura, «Ebola haiko» ilikuwa na maana ya kwamba «siwaamini ninyi». Timu za riposti zilijibu mara nyingi kwa picha ya virusi. Ni kumjibu mtu swali ambalo hakuuliza. Lakini kosa la upande wa pili lilikuwa na bei yake: mtu asiyemwamini mletaji wa habari alitupa na habari yenyewe, akazika maiti kwa mikono yake. Vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa mwezi wa pili 2019, na tarehe 19 mwezi wa nne Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni wa OMS, aliuawa ndani ya Cliniques universitaires du Graben, Butembo. Ugonjwa ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 mwezi wa sita 2020, hesabu ilikuwa wagonjwa 3.470 na vifo 2.287.

Mwezi wa pili 2021 Ebola ilitokea tena upande wa Butembo. INRB ilisoma kizazi cha virusi na kukuta ya kwamba vinatokana na vile vya 2018–2020. Njo kusema vilikuwa vimekaa kimya ndani ya mwili wa mtu aliyepona. Kwa mwanauhalisia ni ushahidi mwingine. Kwa washindi wa Ebola, kama wanavyoitwa hapa, ilikuwa mzigo mpya, juu majirani walianza kuwatazama wao. Kati ya hao kuna waliobeba watoto wa wagonjwa mikononi mwao wakati wengine waliogopa kuwagusa, kwa kuwa mwili wao ulikuwa umekwisha kujikinga. Sasa ni wao wanaoombwa kurudi kupimwa, hata kama hawasikii maumivu yoyote.