Pumu ya Eldoret: Karatasi za 1995 na Inhela ya Bluu

Mwaka 1995 watoto wa miaka 13 na 14 katika shule za msingi za Uasin Gishu, wilaya yenye mji wa Eldoret, walipewa karatasi za maswali yasiyokuwa ya hesabu wala ya Kiswahili. Katika miezi 12 iliyopita, kifua chako kimewahi kulia mluzi? Umewahi kuamshwa usiku na kubanwa? Umewahi kubanwa hadi ukawa unasema neno moja au mawili tu, kisha unasimama kuvuta pumzi? Mtoto aliweka alama, akarudisha karatasi, akaendelea na masomo.

Maswali hayo hayo yaliulizwa Auckland, London na Cape Town. Yalikuwa sehemu ya ISAAC, utafiti wa kimataifa wa pumu na mizio ya watoto ulioanza mwaka 1991. Katika awamu ya kwanza walijibu watoto zaidi ya 460,000 wa umri huo, katika vituo 155 vya nchi 56. Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa na vituo vya kuhesabika. Kenya ilikuwa na viwili: Nairobi, jambo ambalo kila mtu angelitarajia, na Eldoret.

Kwa nini Eldoret? Jibu liko katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Moi, ambacho wakati huo kilikuwa kichanga kabisa. Wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari waliingia mwaka 1990. Hospitali waliyojifunzia, ambayo leo ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ilianza mwaka 1917 ikiwa hospitali ndogo ya vitanda 60. Madaktari wa watoto wa kitivo hicho, wakiwemo Fabian Esamai na Gabriel Anabwani, ndio waliouingiza mji katika hesabu ya dunia.

Hesabu hiyo ilihitajika. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba pumu ni ugonjwa wa Wazungu, au angalau wa watu wa mjini. Na haukuwa uvumi mtupu: katika miaka ya 1970 watafiti wa Afrika Kusini waliwakimbiza watoto wa Kixhosa kisha wakawapima pumzi, wakaona pumu kwa watoto wa mjini lakini karibu hawakuiona kwa wale wa kijijini. Miaka ya 1990 watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wakafanya kipimo cha namna hiyo Nairobi na Murang'a. Baada ya kukimbia, mirija ya hewa ilibana kwa asilimia 22.9 ya watoto wa Nairobi na asilimia 13.2 ya wa Murang'a. Mjini palikuwa juu, lakini ile karibu-sifuri ya kijijini haikuonekana tena.

Eldoret ilisimama katikati ya hadithi hiyo, mji uliozungukwa na mashamba. Mwaka 2001 maswali yaliporudiwa, zaidi ya mtoto mmoja kati ya kumi alisema kifua chake kililia mluzi ndani ya mwaka huo. Nairobi ilikuwa juu zaidi. Ila Eldoret nayo ilikuwa imepanda tangu 1995.

Wengi huamini kwamba hewa ya nyanda za juu ni dawa. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na kweli hewa ni safi kuliko ya barabara za Nairobi. Lakini ni hewa baridi, na baridi hubana mirija. Mavuno yakifika, mahindi hupukuchuliwa na kukaushwa, na vumbi lake huwafikia hata wasio na shamba. Miti ya miwati iliyopandwa kwa ajili ya magome ilitoa chavua kila msimu. Jikoni kuna kuni. Na utafiti uliofanyiwa watoto wa shule Nairobi, uliochapishwa mwaka 1995, ulitaja vitu ambavyo hakuna anayevishuku: unyevu kwenye kuta za chumba cha kulala, zulia, na moshi ndani ya nyumba.

Dawa nazo zina historia yake. Wazee wanakumbuka sindano ya adrenalini, aminofilini ya mshipani, na vidonge vya Franol vilivyonunuliwa dukani. Inhela ya kubonyeza iliingia sokoni Marekani mwaka 1956. Salbutamol, ile ya kopo la bluu, ilifuata Uingereza mwaka 1969. Miaka mitatu baadaye ikaja beclometasone, steroidi ya kuvuta, ambayo kwa kawaida hukaa katika kopo la kahawia.

Kwa maoni yangu, mkasa wa pumu hapa kwetu uko kati ya makopo hayo mawili. La bluu hulegeza misuli ya mirija ndani ya dakika chache, na mgonjwa huliona likifanya kazi. La kahawia hupunguza uvimbe wa ndani ya mirija, ambao ndio ugonjwa wenyewe; hufanya kazi polepole, kwa siku na wiki, na mgonjwa haoni chochote. Basi la bluu hupendwa na la kahawia huachwa pindi kifua kinapotulia. Mvua za Aprili zikianza, mtoto anakimbizwa hospitalini usiku, "anawekwa mashine", anarudi nyumbani na kopo jingine la bluu. Mashine hiyo, nebulaiza, imepata heshima kubwa kuliko inavyostahili. Kwa shambulio ambalo si kali mno, inhela iliyounganishwa na chombo cha kushikilia dawa hufanya kazi ile ile, na mwaka 1999 daktari wa watoto Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwamba hata chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa vizuri na kuzibwa pembeni, inatosha.

Wazazi wengine humtoa mtoto mwenye pumu katika michezo, na hili katika mji wa wakimbiaji ni hukumu nzito. Mtoto ambaye pumu yake imedhibitiwa hukimbia kama wenzake. Akikatazwa, mara nyingi ni kwa sababu hajapewa dawa ya kila siku.

Mwaka 2011 serikali ya Kenya ilitoa mwongozo wa taifa wa kutibu pumu, ukiweka steroidi ya kuvuta mbele. Mwaka 2019 GINA, jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu, lilikwenda mbali zaidi: mgonjwa mkubwa au kijana asitibiwe tena kwa kopo la bluu peke yake. Badala yake inapendekezwa inhela moja yenye steroidi pamoja na formoterol, inayotuliza na kutibu kwa mvuto mmoja. Shirika la Afya Duniani tayari limeuweka mchanganyiko wa budesonide na formoterol katika orodha ya dawa muhimu. Ni ghali kuliko salbutamol, na katika zahanati nyingi za Afrika kinachopatikana kwa urahisi bado ni vidonge na shurubati ya salbutamol, vinavyotetemesha mikono na kuupigisha moyo mbio huku uvimbe wa ndani ukibaki vile vile.